Damu ya Saa Kumi Alasiri

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu, na mtu wa kujiamini kuliko inavyofaa. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinihurumie bure. Mengi yaliyonipata niliyafuata mwenyewe, kwa miguu yangu, huku nimevaa tai.

Ilikuwa miaka ya themanini inaanza, Wamagana, huku Tetu katika vilima vya Nyeri, ambako serikali ilinileta kutoka kwetu Magharibi nifundishe darasa la saba. Siku hizo shule ilijulikana kwa jambo moja tu: watoto wake wamepata alama ngapi katika mtihani wa mwisho. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mpole kanisani na mkarimu nyumbani, lakini ukimtajia shule iliyotushinda kwa nusu alama alishindwa kumaliza chai yake. Sisi walimu tukafuata mkondo. Mimi nikazidi. Kila Ijumaa nilisoma matokeo ya jaribio mbele ya darasa nikianzia wa mwisho, ili aibu impate wenzake wakiwa bado wanasikiliza. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Tena watahiniwa walikuwa wanalala shuleni, na mtu alitakiwa kulala karibu nao awaamshe saa kumi na nusu alfajiri wasome. Nilijitolea mimi. Jumatatu hadi Ijumaa nililala kwenye kijichumba kando ya bweni, na nyumba yangu ilikuwa papo hapo shuleni, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Niliweza kuona taa ya mke wangu ikizimwa. Jumamosi nilifundisha masomo ya ziada, Jumapili nilienda kanisani, na baada ya kanisa nililala usingizi wa gogo hadi jioni.

Mke wangu alikuwa fundi wa kushona, binti wa vilima viwili tu kutoka shuleni. Alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka moja sokoni, na mdomo ambao haukuwa na haraka lakini ukifika umefika. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hatujapata mtoto. Wanawake wa kanisa hawakumuuliza neno. Walimtazama tumboni kwanza, halafu usoni, halafu wakamsalimu. Kila sare ya mtoto aliyoishona aliikunja polepole kuliko ilivyohitaji kukunjwa, na mimi nikiona hivyo nilikumbuka kwamba nina vitabu vya kusahihisha.

Kuna mtu mwingine lazima nimtaje mapema, naye ni mama mkwe wangu. Kwetu Magharibi, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Ukimwona njia moja unaingia shambani hadi apite. Ni heshima, wala si chuki. Kwao huku mlimani mambo kama hayo yalikuwepo zamani, lakini kanisa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, viliyafagia. Yule mama alikuwa mkulima wa maziwa, mjane, mwenye ng'ombe watatu na gambuti nyeusi za mpira, na hakuelewa hata kidogo kwa nini mkwewe anamkimbia kama anadaiwa. Mara ya kwanza aliponinyooshea kikombe cha chai nilirudi nyuma hatua mbili. Alinitazama, akakiweka kikombe chini kwenye nyasi, akaenda zake. Tangu siku hiyo, chochote cha kunipa alikiweka chini kwanza: chai, viazi vya nduma, hata shati lililopigwa pasi. Aliweka kwa kishindo kidogo, nisikie.

Sasa tuje kwenye damu. Mke wangu alikuwa ameenda kliniki mjini Nyeri peke yake mara tatu. Akapimwa hiki na kile, akaambiwa yuko sawa. Mara ya tatu daktari akamwambia, "Sasa mlete bwana."

Nilienda nikiwa na uso wa mtu anayemsindikiza jirani. Yule daktari, ambaye kwa vyeo vya serikali hakuwa daktari kamili lakini hakuna aliyethubutu kumwita vingine, alikuwa mtu wa makamo, mwenye sweta la kijivu na subira nyingi. Kipimo cha kwanza alichotaka kilihusu kikopo kidogo na chumba ambacho mlango wake haukufunga vizuri. Sitaeleza zaidi. Nilimwambia kwetu hatufanyi hivyo.

"Kwenu mnafanyaje?" akauliza.

Nikanyoosha tai yangu. Aliniuliza kama nachoka, nikasema nachoka sana. Aliniuliza kama hamu ya mke ipo, nikamjibu kwamba nina kazi nyingi. Akaandika. Mwishowe akasema, kwa sababu nimekataa kikopo, tuanze na damu, tutazame homoni ya kiume, ile testosteroni, maana siku hizi hata vijana hupungukiwa nayo, na dalili zangu zinafanana.

"Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema. "Uwe umelala vizuri. Ukiwa na homa, usije, ngoja upone."

Nilimsikia vizuri. Ila kulikuwa na benchi. Pale kliniki wagonjwa wa asubuhi waliketi kwenye benchi refu linalotazama barabara, na asubuhi ndipo Tetu nzima hushuka mjini. Niliona kichwani wazazi wa wanafunzi wangu wakipita na madebe ya maziwa, wakiniona nimekaa hapo na karatasi ya maabara, wakiulizana. Mwalimu wa darasa la saba si mtu wa kuonwa kwenye benchi. Kwa hiyo sikuenda Jumatatu. Nilienda Alhamisi, saa kumi alasiri, benchi likiwa tupu. Wiki hiyo nilikuwa nimesahihisha mitihani ya majaribio usiku nne mfululizo, na kifua kilikuwa kimenibana kwa mafua na homa hata nikawa nafundisha kwa ishara.

Mtu wa maabara alinitazama. "Si uliambiwa asubuhi?"

"Damu ni damu," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya darasani.

Akatikisa kichwa, akanidunga, akaandika kitu kwenye fomu. Nilikuwa nimekwisha kukunjua mkono wa shati na kutoka.

Damu ilipelekwa Nairobi. Baada ya wiki tatu bahasha ikarudi. Nilipaswa kuichukua na kuingia nayo kwa daktari anisomee, lakini siku hiyo kwenye benchi alikuwa ameketi mzee wa kanisa letu na mguu wake uliovimba, akanisalimu kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Nikasema nimekuja kumtazama mgonjwa. Nikatia bahasha mfukoni, nikaenda kuifungulia nyuma ya kinu cha posho, unga ukinidondokea mabegani.

Karatasi ilikuwa na mistari mingi, lakini jicho la mwalimu wa hesabu huenda moja kwa moja kwenye namba. Yangu ilikuwa mia mbili na kumi na saba. Kando yake wameandika kiwango cha kawaida: mia tatu hadi elfu moja.

Mtu mwingine angesema, hii iko chini kidogo, nikaulize. Mimi nilifanya nilichokuwa nafanya kila Ijumaa kwa miaka sita. Nikachukua elfu moja kama alama kamili, nikagawanya. Asilimia ishirini na moja nukta saba. Nilisimama pale nyuma ya kinu nikajua hasa niko wapi darasani. Ningekuwa mwanafunzi wangu, ningejisoma wa kwanza kutoka mkiani na kujiambia nije na mzazi.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na kama ilivyo desturi ya watu wenye aibu, nikaanza kula. Nilisikia kwamba supu ya mbuzi husaidia, nikanywa supu ya mbuzi. Nilisikia thabai, yale majani yanayowasha, nikayala kwa irio, ule mseto wa viazi na mahindi, hadi jasho likanitoka. Mwalimu mmoja alisema kiti cha baiskeli ndicho adui, nikaanza kuisukuma baiskeli kwa mkono njia nzima, watoto wakidhani ina pancha. Mwingine akanishauri njahi, yale maharagwe meusi, na nikala njahi wiki mbili kabla ya mke wangu kuniuliza kama nimejifungua, maana kwao njahi hupikiwa mama mzazi.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwekea karatasi mezani, kando ya mkasi wake.

"Nimefeli," nikasema.

Aliitazama bila kuigusa. "Daktari amesema nini?"

"Sikumwona daktari."

"Basi nani amesema umefeli?"

"Namba yenyewe. Asilimia ishirini na moja."

"Kabla ya hiyo asilimia," akasema, "niambie kitu kingine. Tangu Januari umelala hapa usiku mara ngapi?"

Nikamwambia asichanganye mambo, hili ni jambo la sayansi. Aliendelea kukata kitambaa.

Mtu wa Tetu akiwa na jambo la siri haendi Nyeri, wala Karatina, kwa sababu atakutana na shangazi. Huenda Sagana. Sagana ni njia panda, watu wote pale ni wa kupita, kila mtu anatazama gari lake tu. Kulikuwa na mwenye duka la dawa huko, mtu wa koti jeupe na kalamu nne mfukoni, aliyesifiwa kwa minong'ono kuwa anadunga sindano za nguvu za kiume. Nilifunga safari Jumamosi, nikaacha darasa la ziada kwa mara ya kwanza.

Alisoma karatasi yangu kwa muda usiozidi kupiga chafya. "Hii ni rahisi, mwalimu. Namba iko chini, tunaijaza. Unadungwa moja kila wiki tatu, baada ya miezi michache utakuwa elfu moja na zaidi."

Elfu moja na zaidi. Sitaficha, moyo wangu uliruka. Asilimia mia moja. Sikuuliza swali hata moja, mimi ambaye nilikuwa nawaadhibu watoto kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia. Aliniambia dawa imekwisha, mzigo mwingine unakuja, nirudi Jumamosi ijayo anidunge ya kwanza.

Nilipogeuka kutoka, nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama mwalimu mkuu.

Tulitazamana. Alikuwa amevaa kofia ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Kikohozi," akasema.

"Hata mimi," nikasema.

Na kwa miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo, hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake habari za kikohozi chake.

Nilirudi nyumbani nimejaa maamuzi. Jumatano jioni nilimketisha mke wangu nikampa mpango, kama ratiba ya muhula. Nitadungwa sindano Sagana kuanzia Jumamosi. Kufikia likizo ya Agosti, kama hajashika mimba, sitamfunga. Yeye bado kijana, arudi kwao, apate mwanamume mzima. Nilisema kwa utulivu mwingi. Nilijiona mtu mwema sana, karibu mtakatifu.

Hakulia. Alisema, "Umeshamaliza?" Nikasema nimemaliza, nikavuka uwanja nikaenda bwenini.

Kesho yake, Alhamisi, saa nne, wakati wa chai, nilirudi nyumbani kuchukua daftari. Nilikuta cherehani imetolewa sokoni, imefungwa kwa shuka na kamba, iko sakafuni karibu na mlango. Mke wangu hakuwepo. Nilisimama nikaitazama ile cherehani, na ule utakatifu wangu wote ukaniishia miguuni. Nilikuwa sijafikiri kwamba kuna mtu anaweza kuondoka kabla ya Agosti. Nilikuwa sitaki aondoke Agosti, wala mwaka wowote. Nilimpenda, na nilikuwa nimempangia tarehe.

Nikiwa bado nimeduwaa nikasikia gambuti kwenye changarawe. Nilizijua gambuti zile. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mlango mmoja. Nikaruka nyuma ya pazia, nikaketi kitandani nikibana pumzi.

Alivuta kigoda, akakiweka mlangoni kabisa, akaketi. Nilisikia kigoda kikilia.

"Mwalimu," akasema mama mkwe wangu, "najua uko hapo. Naona viatu yako chini ya pazia. Mimi sitoki. Ng'ombe nimekamua, maziwa nimepeleka, leo yote ni yangu."

Nikapandisha miguu kitandani.

"Hiyo heshima ya kwenu nimekubali miaka mitatu. Kaa huko huko nyuma, sikutazami. Lakini nataka kusikia hiyo karatasi. Msichana yangu anaambiwa atarudi nyumbani kwa sababu ya karatasi, na mimi sijasikia inasema nini. Soma."

Jamani, fikirini hali yangu. Mwanamume wa kwetu, amsomee mama mkwe wake hesabu ya uanaume wake, kwa sauti. Marehemu babu angefufuka ili afe tena. Lakini mbele yangu kwenye ule upenyo wa pazia niliona kona ya cherehani na kamba yake, nikatoa karatasi mfukoni. Nikamsomea mia mbili na kumi na saba. Nikamsomea kiwango. Nikamweleza asilimia.

"Hiyo umesoma ni namba," akasema. "Hakuna maneno?"

"Maneno ni ya maabara tu, Mama. Yako kwa Kiingereza."

"Ati ya maabara tu. Soma yote. Hata ile maandishi kidogo ya chini kabisa. Mimi iliwahi kunikula, hiyo ya chini."

Nikaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa, kwa mkono, kwa wino hafifu, kulikuwa na mistari miwili. Nilikuwa nimeibeba ile karatasi mwezi mzima. Nilikuwa nimeiona mistari ile. Sikuwahi kuisoma, kwa sababu haikuwa na namba. Nikaisoma kwanza kimyakimya, halafu kwa sauti, nikiigeuza kwa Kiswahili: damu imetolewa saa kumi alasiri, mgonjwa ana mafua na homa, matokeo haya yasitumiwe peke yake, apimwe tena asubuhi akiwa mzima.

Nikasikia kigoda kikilia tena pale mlangoni.

"Wewe huwa unaambia watoto nini kabla ya mtihani?" akauliza.

Nilijua anakokwenda. "Wasome swali lote kabla ya kujibu."

"Mm," akasema, na sijawahi kusikia neno fupi likiwa refu vile.

Kisha akanipa kisa chake, nami nikiwa nyuma ya pazia kama padri. Mwaka mmoja, kabla sijafika Wamagana, alipeleka maziwa kituoni, karani akatumbukiza kile kijiti cha kioo cha kupimia, akasema kimezama sana, maziwa yametiwa maji. Maziwa yake yakamwagwa chini mbele ya watu wote. Jumapili wanawake wakasogea kwenye kiti kanisani wakamwachia nafasi, ya kutosha watu wawili. Yeye hajawahi kutia maji kwenye maziwa hata tone. Alikaa siku tatu anajiuliza kama ng'ombe wake wamerogwa. Siku ya nne akakumbuka: asubuhi ile alichelewa, akakamua akakimbia moja kwa moja, maziwa yalikuwa bado na joto la ng'ombe. Akarudi kituoni akimvuta ng'ombe, akakamua mbele ya karani mwenyewe, akamwambia apime sasa hivi, halafu apime tena yakishapoa. Yakiwa moto, kijiti kilizama. Yalipopoa, kikasimama panapotakiwa. Na kwenye kile kitabu cha kituo, chini kabisa, kulikuwa kumeandikwa kwamba maziwa yapoe kwanza.

"Maziwa ilikuwa ile ile," akasema. "Mimi pia nilikuwa ule ule. Ni saa tu ilikuwa mbaya. Na wewe unataka kutupa mtoto wa mtu kwa sababu ya saa."

Niliketi pale kitandani na machozi yakanitoka. Nashukuru kwamba kulikuwa na pazia.

"Hiyo sindano ya Jumamosi," akaongeza akiinuka, "ukienda, mimi nitakuja Sagana na gambuti hizi." Nikasikia akiweka kitu chini kwa kile kishindo chake. Alipoondoka nilifungua pazia nikakuta chupa ya chai sakafuni, kando ya cherehani.

Jumamosi sikwenda Sagana. Nililala nyumbani wiki moja na nusu hadi uchovu ukaisha. Watahiniwa wakaamshwa na mwalimu mwingine, na dunia haikuanguka. Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa kwenye benchi la kliniki, mbele ya barabara. Wazazi saba walinisalimu. Mmoja aliniuliza naumwa nini, nikamwambia nimekuja kupimwa kwa sababu hatujapata mtoto. Akasema, "Pole, mwalimu. Hata sisi tulikaa miaka minne," akaenda na debe lake. Ile methali ya mficha uchi hazai nilikuwa nimeiandika ubaoni mara nyingi sana, nikiwataka watoto waieleze maana.

Safari hii bahasha niliipeleka kwa daktari ikiwa imefungwa. Mia nne na sitini na mbili.

"Asilimia arobaini na sita," nikasema kwa huzuni. Shuleni kwetu hiyo bado ilikuwa kuanguka.

Daktari aliweka kalamu chini akacheka hadi akavua miwani. Akanieleza taratibu. Kwamba homoni hii hupanda alfajiri na kushuka jioni, na kwa vijana hushuka zaidi, ndiyo maana damu huchukuliwa asubuhi. Kwamba homa huishusha, na kukosa usingizi huishusha, na njaa na unene na baadhi ya dawa pia. Kwamba hakuna anayetibiwa kwa kipimo kimoja; ikiwa chini hurudiwa, na ikirudi chini tena hutazamwa zile homoni za ubongo zinazoiamrisha, ijulikane kosa liko wapi. Kwamba kati ya mia tatu na elfu moja hakuna wa kwanza wala wa mwisho. "Si mtihani, mwalimu. Ukiwa ndani ya uwanja, uko ndani ya uwanja."

Nilimuuliza, nikitazama dirishani, habari za sindano za Sagana. Aliacha kucheka.

"Ungedungwa, namba ingepanda vizuri sana," akasema. "Na mbegu zingekauka. Mwili ukiona testosteroni inaletwa kutoka nje, ubongo unaziambia korodani zipumzike. Ungepata elfu moja yako, na mtoto usingepata. Wengine hurudi sawa baada ya kuacha, inachukua miezi mingi. Wengine hawarudi."

Nilimfikiria mwalimu mkuu na ile kofia.

Halafu daktari akaniuliza swali lile lile la mke wangu, kwamba nyumbani nalala siku ngapi. Kwa mara ya kwanza maishani hesabu ikanishinda, si kwa ugumu wake. Akaniandikia dawa kwenye karatasi, nayo ilikuwa mstari mmoja: alale nyumbani kwake. Alitia sahihi na mhuri. Nilimpelekea mwalimu mkuu, akaisoma mara mbili, akasema, "Hii dawa ni nzuri," akanitoa bwenini kabisa siku hiyo hiyo. Na kile kikopo, ndiyo, nilikitoa pia. Kilikuwa sawa.

Cherehani ilirudi sokoni, lakini si upesi. Mke wangu alikaa kwao wiki tatu, na kila jioni nilipanda vile vilima viwili nikasimama kwenye ua kuomba radhi, nikijificha nyuma ya mgomba kila mama yake alipopita. Siku ya kumi na tisa alitoka akaniuliza, "Tarehe ya Agosti bado iko?" Nikamwambia nimeifuta. Akasema atafikiri. Alifikiri siku mbili. Na Ijumaa ya kwanza aliyokuwa amerudi niliingia darasani na karatasi za matokeo, nikawagawia kila mtu yake, imekunjwa, nikakaa. Watoto walingoja nianze kusoma kutoka mkiani. Niliwaambia wafungue vitabu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa mvua ndefu, nilitoka darasani nikakimbia hadi nyumbani nikiwa na chaki mkononi. Wanawake walikuwa wamejaa uani, wale wale wa kanisa, na sufuria za uji na njahi. Mama mkwe wangu alitokea mlangoni na kifurushi cha blanketi kifuani. Nilirudi nyuma hatua mbili, kama kawaida, nikaangalia chini nione atakiweka wapi.

Hakuinama. Alinijia moja kwa moja na gambuti zake, hadi nikagusa ukuta wa jikoni kwa mgongo.

"Huyu siwezi kuweka chini," akasema.

Mdomo wangu ukauliza swali pekee lililokuwa limezoea kuuliza. "Ana kilo ngapi?"

"Shika kwanza, Mwalimu."

Nikadondosha chaki, nikanyoosha mikono, na vidole vyake vikagusa vyangu chini ya blanketi.